Adabu za Swali Linalorudi Baada ya Jawabu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu yale asiyokuwa akiyajua. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyekuwa akiulizwa akijibu, na akirudiwa akisubiri. Na ziwashukie Aali zake na Sahaba zake wote.

Ama baad. 

Mara nyingi twawausia watu wawe na desturi ya kuuliza. Twawasomea aya ya Suratun Nahl inayotuamrisha tuwaulize wenye kujua endapo sisi hatujui, na kila Mwislamu aifahamu amri hiyo. Walakini liko jambo jengine linaloifuata amri hiyo, nalo halizungumzwi sana. Jambo lenyewe ni hili: muulizaji amekwisha kuuliza, na mwenye kujibu amekwisha kujibu, kisha muulizaji yule akarudi, au akatokea mtu mwengine katika wasikilizaji akatia neno lake juu ya jawabu. Je, neno hilo lipokewe vipi? Na mwenye kulileta alilete kwa adabu gani?

Nimeona ni wajibu wangu kulieleza jambo hili, ijapokuwa katika kulieleza mna aibu yangu mwenyewe. Aibu ya duniani ni nyepesi kuliko ya Akhera.

Katika darsa yetu, kama wajuavyo wenye kuhudhuria, kitabu kikisha kusomwa hufunguliwa mlango wa maswali. Wanaume huuliza kwa ndimi zao, na wanawake walio nyuma ya pazia huandika katika karatasi, na mtoto akatuletea. Usiku mmoja ililetwa karatasi ya mas'ala ya mirathi: mtu amekufa, ameacha mke, na binti mmoja, na ndugu yake mwanamume, na mali yake ni nyumba tu, basi itagawanywa vipi? Nalijibu pale pale, kwani mas'ala hayo ni mepesi kwa mtu aliyesoma faraidhi. Nalisema nyumba ihisabiwe mafungu manane. Mke apate thumni, nayo ni fungu moja. Binti apate nusu, nayo ni mafungu manne. Na mafungu matatu yaliyobaki ni ya ndugu, kwa kuwa yeye ni asaba. Watu wakaridhika na jawabu, na mimi nikaridhika na nafsi yangu.

Darsa iliyofuata alisimama kijana mmoja akauliza juu ya kunuti katika sala ya alfajiri. Nikamjibu. Akarudi akasema, na fulani asema hivi. Nikamjibu. Akarudi mara ya tatu na mara ya nne, na kila nikimjibu huliacha alilouliza akarukia jengine, na wenziwe nyuma yake wakikonyezana na kucheka. Nalifahamu kuwa haja yake si kunuti. Haja yake ilikuwa kushinda. Ghadhabu ikanipanda. Basi katika hali ile ile mtoto akaleta karatasi kutoka nyuma ya pazia. Naliutazama mstari wa kwanza tu, nikaona ni khabari ya nyumba ile ile na mirathi ile ile, nikaitia karatasi ndani ya kitabu, nikasema kwa ukali: Lililokwisha kujibiwa halirudiwi. Kisha nikafunga darsa.

Karatasi ile ililala ndani ya kitabu siku nane. Nalipokifungua kitabu ili nitengeneze darsa ikaanguka, nikaiokota, nikaisoma. Ilikuwa na maneno machache: kwamba ndugu yule na marehemu walichangia mama tu, na baba zao walikuwa mbalimbali, na kwamba marehemu hakuacha jamaa yeyote mwanamume kwa upande wa babake, je, hukumu ni ile ile?

Ndugu zangu, hukumu si ile ile. Ndugu wa mama mmoja hawi asaba, naye huzuiwa na mtoto wa marehemu, awe mtoto huyo ni mwanamume au ni mwanamke. Basi ndugu huyo hana kitu katika mirathi hiyo. Mke ana fungu lake moja. Binti ana mafungu yake manne kwa faradhi, na yale matatu yaliyobaki yamrudia yeye huyo binti, kwa kuwa hapana asaba, wala hapana Baitul-mali iliyosimama kwa nidhamu yake; na hivi ndivyo walivyofutu maulama wa baadaye katika madhehebu yetu ya Shafii. Kwa hiyo mafungu saba katika manane ni ya binti yule, na mimi nalimpa manne.

Kosa lilianza wapi? Lilianza katika neno ndugu. Sisi Waswahili humwita ndugu aliye wa baba na mama, na aliye wa baba peke yake, na aliye wa mama peke yake, na pengine mtoto wa ammi, na hata jirani tuliyezoeana naye. Lakini sharia haikuwachanganya watu hawa. Imempa kila mmoja daraja yake. Ilikuwa juu yangu kuuliza, ndugu wa vipi? Sikuuliza. Na yule mama aliponiletea kwa hisani yake jambo nililolisahau kuliuliza, nalimfungia mlango.

Nalikwenda nyumbani kwao siku ile ile. Nalimkuta ndugu amekwisha kupatana na mnunuzi juu ya mafungu yake matatu, na arbuni amekwisha kuipokea, na baadhi yake amekwisha kuitumia. Mjane naye amekwisha kuambiwa atafute pahali pengine pa kukaa na mwanawe. Nikamwambia: Dada yangu, ulipoona karatasi yako haikujibiwa, mbona hukuja nyumbani kwangu au hukumtuma mtu? Akanijibu: Shekhe wangu, ulisema mbele ya watu kuwa lililojibiwa halirudiwi, nami nalikhofia nisije nikaandikiwa dhambi kwa kurudia.

Tazameni, ndugu zangu. Neno moja la hasira lilimfanya mwanamke aamini kuwa kuitafuta haki ya mwanawe yatima ni dhambi. Na Mwenyezi Mungu ameeleza katika Suratun Nisaa, sura ile ile yenye aya za mirathi, kuwa wenye kula mali za mayatima kwa dhuluma wala moto matumboni mwao. Mimi sikuila mali ile, lakini ni mimi niliyeandaa sahani.

Ama yule ndugu, nalipomweleza alinyamaza kitambo, kisha akasema: Shekhe, mimi nalichukua kwa fatwa yako, na kwa fatwa yako narudisha. Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Mnunuzi alirudishiwa arbuni yake kamili. Kile kilichokwisha kutumika nalikilipa mimi, wala sikungoja kutazama kama sharia yanilazimisha au hainilazimishi. Na darsa iliyofuata, pahali pale pale nilipokosea na mbele ya watu wale wale, nalisema kuwa jawabu langu lilikuwa pungufu, na karatasi yule mama aliyoileta ilikuwa na haki ya kusomwa, na neno nililolisema kwa ukali ni neno batili.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sasa na tutazame mafunzo ya dini yetu katika jambo hili, kwani lau ningaliyakumbuka usiku ule nisingalifikwa na haya.

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa katika mkutano akizungumza na watu, akaja Bedui akamkatiza kwa kumuuliza Kiyama kitakuwa lini. Mtume akaendelea na mazungumzo yake. Baadhi ya watu wakadhani kuwa amelisikia swali na amelichukia, na wengine wakadhani kuwa hakulisikia. Alipomaliza mazungumzo yake akauliza, yuko wapi aliyekuwa akiuliza habari ya Kiyama? Bedui akajitokeza. Mtume akamwambia kuwa amana itakapopotezwa, basi na kingojewe Kiyama. Bedui hakutosheka, akauliza tena, na kupotezwa kwake ni vipi? Mtume akamweleza kuwa ni kupewa mambo watu wasiokuwa ahali yake.

Katika hadithi hii mna mafunzo mawili kwa mwenye kujibu. La kwanza, Mtume hakuyaacha mazungumzo yake kwa ajili ya aliyekatiza, wala hakumsahau aliyekatiza kwa ajili ya mazungumzo. Kila mmoja alipewa haki yake kwa wakati wake. La pili, Bedui aliporudi na swali la pili hakuambiwa kuwa amekwisha kujibiwa. Jawabu la kwanza lilikuwa na neno lililofumbika kwake, naye akafumbuliwa. Na sisi leo twaisoma faida ile iliyo kubwa, ya kuwapa kazi wanaostahiki, kwa sababu Bedui yule alirudi akauliza.

Tena yatajwa katika Bukhari kuwa Bibi Aisha (r.a.) hakuwa akisikia jambo asilolifahamu ila hulirudia mpaka alifahamu. Siku moja Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa mtu atakayehisabiwa ataadhibiwa. Bibi Aisha akamkumbusha aya ya Suratul Inshiqaq, kwamba atakayepewa kitabu chake kwa mkono wa kulia atahisabiwa hisabu nyepesi. Mtume akamfafanulia kuwa ile nyepesi ni kuonyeshwa tu amali zake. Ama mwenye kuhojiwa hisabu yake kwa utondoti, huyo ataangamia. Zingatieni namna alivyorudi. Hakusema kuwa jawabu si kweli, wala hakutoka katika mas'ala kwenda katika mengine. Alichukua neno alilolisikia na aya aliyoijua, akayaweka pamoja, akaomba aonyeshwe vipi yanavyopatana. Huku ndiko kurudi kwa mwenye kutaka ilimu.

Na Khaula binti Thaalaba alimjia Mtume (s.a.w.) akimshitakia mumewe, Ausi bin Samit, aliyemfanyia dhihari. Alijibiwa, naye akazidi kurudia maneno yake na kueleza shida yake. Bibi Aisha asimulia kuwa yeye alikuwa pembeni mwa chumba kile kile na baadhi ya maneno ya Khaula hakuyasikia. Lakini Mwenyezi Mungu aliyasikia kutoka juu ya mbingu saba, akateremsha Suratul Mujadala, na mwanzo wake ni khabari ya kuwa Amekwisha kumsikia mwanamke huyo. Ewe mwenye kujibu watu, ukiona mwanamke amerudi na shida yake mara ya pili, ikumbuke sura hii kabla ya kukunja uso. Ikiwa wewe hukusikia, yuko aliyesikia.

Huenda mtu akasema: kurudiwa kwa kuulizwa ni jambo la kuvumilika, ama kurudiwa kwa kukosolewa ni jambo zito, kwani huondoa haiba ya shekhe mbele ya watu. Twamjibu kwa khabari nyengine, nayo pia i katika Bukhari, tena katika mirathi hasa. Abu Musa Al-Ash'ari (r.a.) aliulizwa juu ya maiti aliyeacha binti, na binti wa mwanawe mwanamume, na dada. Akajibu kuwa binti apate nusu na dada nusu, na akawaambia wamwendee Ibn Masud, naye ataafikiana naye. Walipomwendea Ibn Masud alikataa kuafiki, akasema kuwa akifanya hivyo atakuwa amepotea. Akahukumu kama alivyohukumu Mtume: binti nusu, binti wa mwana sudusi ili zitimie thuluthi mbili, na kilichobaki ni cha dada. Wale watu wakamrudia Abu Musa wakamkhubiria. Naye alikuwa Sahaba mtukufu, na mtu mwenye cheo. Je, alighadhibika? Alisema kuwa wasimuulize yeye maadamu mwanachuoni huyo yuko kati yao. Haiba yake haikuondoka. Hata leo twamtaja kwa radhi za Mwenyezi Mungu. Na Abu Musa huyu huyu ndiye aliyeandikiwa na Sayyidna Umar barua mashuhuri ya ukadhi, inayomfunza kadhi kuwa asizuiliwe na hukumu aliyoitoa jana kuirudia haki leo iwapo ameiona.

Kisha kuna kurudi kunakolaumiwa. Bani Israili waliamrishwa wachinje ng'ombe. Lau wangalimchinja ng'ombe yeyote ingaliwatosha. Wakarudi kuuliza ni wa namna gani, wakajibiwa; wakarudi kuuliza rangi yake, wakajibiwa; wakarudi tena mara ya tatu; na kila wakirudi mambo yakizidi kuwa mazito juu yao, mpaka wakakaribia kutolitenda waliloamrishwa. Na imepokewa katika Sahihi ya Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) aliwakhutubia watu kuwa wamefaradhiwa Hija, mtu mmoja akauliza, je, ni kila mwaka? Mtume akanyamaza, na mtu yule akakariri mara tatu. Mtume akaeleza kuwa lau angalisema ndiyo, ingaliwajibika kila mwaka na wasingaliweza; na kwamba watu wa kale waliangamia kwa wingi wa maswali yao na kukhitilafiana na Mitume wao.

Huenda msomaji akauliza: Bibi Aisha alirudi akasifiwa, na Bani Israili walirudi wakalaumiwa, tofauti ni nini? Tofauti ni hii: mmoja hurudi ili apate kutenda, na mwengine hurudi ili asitende. Mmoja hutaka jawabu limwangazie njia, na mwengine hutaka jawabu lirefuke ili njia isifike. Wala si idadi ya maswali inayowatenga. Mjane yule aliuliza mara mbili tu na kijana yule aliuliza mara nne. Lakini hata lau mjane angaliuliza mara kumi, haki ilikuwa ni yake.

Na hapa ndipo penye khatari ninayotaka kila mmoja wetu aione. Mwenye jadali haidhuru nafsi yake tu. Huchukua wakati wa mwenye haja, na huumaliza uvumilivu wa mwenye kujibu, hata mwenye haja anapofika huukuta mlango umefungwa. Kijana yule hakuwa na uadui na yatima. Pengine hakujua kuwa yatima yupo. Lakini mzaha wake ulipita mbele ukauziba mlango, na karatasi ya mama ikaja nyuma yake ikarudi haikujibiwa. Wala mimi simtwiki yeye mzigo wangu. Mimi ndiye niliyekuwa na kitabu mkononi, na mimi ndiye niliyefunga mlango juu ya wote kwa sababu ya mmoja. Nimemtaja ili vijana wetu wajue kuwa mchezo wa kumshinda shekhe una mtu anayeulipia gharama, naye huwa hayumo katika mchezo.

Basi, ndugu zangu, haya ndiyo tuliyoafikiana katika darsa yetu, na twawanasihi Waislamu wenzetu wayafuate.

Ama mwenye kujibu, la kwanza asijibu kabla hajaijua sura ya mas'ala. Katika mirathi aulize ndugu ni wa vipi, na wasia, na deni. Katika talaka aulize matamko yenyewe. Swali fupi lataka maulizo marefu. La pili, akirudiwa asome karatasi mpaka mwisho, au asikilize mpaka mwisho, kabla hajahukumu nia ya aliyerudi. Kwani nia ni siri ya mja na Mola wake. La tatu, akiona kuwa lililoletwa si ufafanuzi wa lile la kwanza bali ni swali jipya, amwambie mwenyewe kwa upole aliweke mbali aliulize kwa zamu yake, ili mas'ala mawili yasichanganyike yakapotea yote. La nne, akijadiliwa kwa ubishi ajibu mara moja kwa dalili yake kisha anyamaze, kwani Mtume (s.a.w.) amemdhaminia nyumba pembezoni mwa Pepo mwenye kuacha ubishi ijapokuwa haki ni yake. La tano, akiwa hajui aseme sijui. Imam Malik, naye ni imamu wa Madina, imepokewa kuwa aliulizwa mas'ala 48, na katika 32 alisema hajui. La sita, na ndilo lililo zito kwa nafsi, akikosea hadharani arudi hadharani. Asinong'one masikioni mwa mtu mmoja kosa alilolitangaza mbele ya mia.

Ama mwenye kuuliza, la kwanza aeleze yote tangu mwanzo, asifiche lililo juu yake akalionyesha lililo lake. Mtume (s.a.w.) ametuonya, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, kuwa yeye huhukumu kwa alivyosikia, na huenda mmoja wetu akawa fasaha kuliko mwenziwe, basi atakayekatiwa haki ya nduguye kwa ufasaha wake amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume haiihalalishi haramu kwa aliyeficha, fatwa yangu mimi itaihalalisha vipi? La pili, akirudi aseme wazi anarudia nini: ni neno ambalo hakulifahamu, au ni khabari iliyosahauliwa, au ni dalili aliyoiona kwengine. La tatu, asizunguke kwa mashekhe mmoja baada ya mmoja akitafuta jawabu litakalompendeza. Huko si kuuliza, huko ni kununua. La nne, na hili namwambia hasa mama aliye nyuma ya pazia na mzee mwenye haya: ukijua kuwa jawabu limejengwa juu ya khabari pungufu, usinyamaze. Rudi. Hayo si utovu wa adabu wala si dhambi, ni amana. Akikufungia mlango wa darsa, mwendee nyumbani kwake.

Ama wasikilizaji, wasicheke anaporudi mwenye kurudi, wala wasimtilie maneno wasiyoyajua. Imepokewa na Abu Daud kuwa mtu mmoja alipigwa jiwe kichwani akiwa safarini, kisha akapata janaba, akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata khabari alishutumu vikali, akasema kuwa wamemuua, na kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza. Watu wale hawakuwa maadui wa mwenzao. Walikuwa wasikilizaji waliolijibu swali lisilokuwa lao.

Tena na ikumbukwe kuwa fatwa si hukumu. Mwenye kufutu hueleza sharia kwa mujibu wa alivyoulizwa. Kadhi huwakusanya wahusika, akasikiza mashahidi, akahukumu. Katika nchi yetu ya Kenya, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 170 imezipa mahakama za Makadhi mambo ya sharia yahusuyo hadhi ya mtu, na ndoa, na talaka, na mirathi, baina ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa huko. Basi mtu asiuze wala asinunue nyumba ya mirathi kwa jawabu la darsani. Darsa ni ya kumfungulia macho; mgawanyo na upelekwe kwa Kadhi.

Mwisho, ndugu zangu, mji wetu huu una wasia katika jambo hili. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930, na baadaye Al-Islah mwaka 1932, aliwatolea watu mafunzo ya dini kwa lugha yao wenyewe katika karatasi, ili wayasome majumbani mwao na wayapime. Na mwenye kuwaandikia watu kwa lugha wanayoifahamu hana budi kukubali kuwa nao watamjibu kwa lugha hiyo hiyo. Hatuwezi kuwaita watu watoke katika kufuata bila ya kujua, kisha wakianza kuuliza tukawaambia wanyamaze.

Katika darsa yetu sasa pana vibweta viwili: kimoja cha maswali mapya, na kimoja cha maswali yanayorudi. Hiki cha pili ndicho tunachokifungua kwanza, kabla ya jengine lolote. Na karatasi yoyote haitiwi tena ndani ya kitabu.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyajibu kwa haraka, na tuliyoyanyamazia kwa kiburi. Utukunjulie vifua vyetu kwa anayetukosoa kwa haki, na uwape ujasiri wenye haki wasichoke kurudi. Uwalinde mayatima wetu na ndimi zetu kama unavyowalinda na mikono yetu. Amin.

Wasalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.